Umeme au sumaku? Namna ya kuchagua uga wa kusogeza chembe majini

Binti mmoja wa kidato cha sita aliingia maabara ya shule yetu hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, akiwa na chupa mbili za soda. Moja ilikuwa na maji ya udongo wa mfinyanzi, meupe kama uji mwepesi. Ya pili ilikuwa na mchanga mweusi uliolowekwa, aliopewa na mjomba wake anayechimba dhahabu upande wa Busia. "Mwalimu," akauliza, "nikitaka kuzitoa chembe hizi majini bila kuchuja, nitumie umeme au nitumie sumaku?"

Nilimjibu haraka: udongo umeme, mchanga sumaku, nenda. Kwa chupa zile mbili jibu lilikuwa sawa. Wiki iliyofuata akaja na chupa ya tatu, damu ya ng'ombe kutoka machinjioni iliyochanganywa na maji ya chumvi, na hapo jibu langu likakwama. Nilikuwa nimempa majina ya vitu badala ya sababu. Haya hapa chini ndiyo niliyopaswa kumwambia tangu siku ya kwanza, na nimeyaandika kwa ajili ya yeyote anayesimama mbele ya chombo chenye chembe akiwa na betri mkono mmoja na sumaku mkono mwingine. Eneo la nguvu linalozunguka kila kimoja ndilo ninaloliita uga.

Mmoja hushika ngozi, mwingine hushika tumbo

Nianze na umeme. (Kwa miaka 20, kuanzia 2005 hadi 2025, neno hili mjini Kampala lilikuwa jina la kampuni iliyosambaza stima, kiasi kwamba ukilitaja mtu anafikiria bili. Hapa nasema kitu chenyewe.)

Karibu kila chembe ikiingia majini hupata chaji usoni mwake, yaani ngozini. Udongo, matone ya mafuta ndani ya maziwa, bakteria, seli za damu: vyote hivi katika maji ya kawaida huwa hasi. Ioni (atomi zenye chaji) za chanya zilizomo majini huja kuizunguka chembe kama blanketi. Ukitumbukiza vijiti viwili vilivyounganishwa na betri, chembe huvutwa kuelekea chanya, blanketi lake huvutwa kuelekea hasi, na katika kuvutana huko chembe huteleza ndani ya maji. Wataalamu huita mwendo huu elektroforesisi. Kasi yake inategemea volti kwa kila sentimita, ukali wa chaji ya ngozini, na mnato wa kioevu. Ukubwa wa chembe haumo. Mwanafizikia Marian Smoluchowski alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1903, na mimi bado linanishangaza: maadamu blanketi ni jembamba kuliko chembe yenyewe, chembe ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na ya nusu mikroni zenye ngozi ya namna moja zitakwenda sambamba.

Sumaku haina habari na ngozi. Inauliza tumboni kuna nini. Kama kuna chuma cha kutosha, kila kipande cha tumbo hilo huvutwa, kwa hiyo nguvu inafuata ujazo. Punguza upana wa chembe mara 10: ujazo, na nguvu pamoja nao, hupungua mara 1,000, lakini ukinzani wa maji hupungua mara 10 tu. Kasi inabaki sehemu moja ya mia.

Tuipime kwa tarakimu. Chukua ushanga wa plastiki wenye upana wa mikroni 1, uliojazwa unga wa oksaidi ya chuma, wa aina inayouzwa kwa maabara. Uuweke karibu na ukingo wa sumaku ya neodimiamu, mahali ambapo uga unabadilika kwa nusu tesla (tesla ni kipimo cha ukali wa uga wa sumaku) kila sentimita. Kwa hesabu ya kawaida utakimbia kama mikroni 60 kwa sekunde. Sasa weka palepale punje tupu ya magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, yenye upana wa nanomita 10 (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikroni). Itavutwa mikroni 0.14 kwa sekunde, huku vishindo vya joto la maji yenyewe vikiitupa huku na huko mikroni 10 hivi ndani ya sekunde hiyohiyo. Ni kama mtoto anayekuvuta shati katikati ya msongamano wa soko la Owino, Kampala. Ndiyo maana kioevu cha sumaku, kile alichokibuni Steve Papell wa NASA mwaka 1963, hufuata sumaku kizimakizima, chembe na kioevu chake pamoja, bila chembe kujitenga upande mmoja.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuchagua ni hili: chembe yako ni kubwa kiasi gani, na una uhakika gani na kilichomo tumboni mwake? Chini ya nanomita 50 hivi, mimi binafsi simpi mtu sumaku ya mkononi. Atapoteza siku.

Kosa ambalo kila mwanafunzi hulifanya mara moja

Watu huziweka sumaku mbili, moja kila upande wa chombo, zikitazamana ncha kinyume, wakidhani wameongeza nguvu maradufu. Katikati ya chombo hakisogei kitu. Uga wa sumaku ulio sawa kila mahali hauivuti chembe; huigeuza tu ielekee upande fulani, kama sindano ya dira. Kinachovuta ni mteremko wa uga, yaani tofauti ya nguvu kati ya hapa na pale. Sababu ni kwamba ncha ya kaskazini haitembei bila ya kusini: uga sawa huivuta moja mbele na nyingine nyuma kwa nguvu ileile. Chaji ya umeme, kinyume chake, inaweza kuwa hasi peke yake, kwa hiyo uga wa umeme ulio sawa kabisa unaivuta vizuri tu.

Kivitendo tofauti hii ni kubwa. Bamba mbili za umeme zikiwa sambamba, chembe iliyo katikati ya beseni huvutwa sawa na iliyo ukingoni. Sumaku ina mkono mfupi. Ukiisogeza sentimita chache tu kutoka kwenye chupa, nguvu yake karibu inatoweka.

Na yule anayeuliza kwa nini sumaku isiipinde chembe yenye chaji kama ilivyopinda elektroni ndani ya televisheni za zamani: inaipinda, lakini mwendo wa chembe majini ni wa konokono. Kwa chembe inayokwenda mikroni 12 kwa sekunde ndani ya uga wa nusu tesla, nguvu hiyo ni ndogo mara milioni 50 kuliko ya umeme wa volti 3 kwa sentimita. Isahau.

Chupa ya kwanza: udongo

Jaribio la kwanza la aina hii lilifanywa kwa udongo huohuo anaofinyangia mama sokoni. Mwaka 1807, mjini Moscow, Ferdinand Friedrich Reuss alichomeka mirija miwili ya kioo ndani ya udongo mbichi, akaijaza maji, akaunganisha betri ya siku zile. Upande wa chanya maji yakachafuka kwa udongo uliopanda. Upande wa hasi maji yakabaki safi na kimo chake kikaongezeka. Chembe zilikwenda upande mmoja, maji upande wa pili.

Tulirudia jambo linalofanana nalo kwenye bakuli la plastiki, vijiti vikiwa sentimita 4 mbali, betri ya volti 12 iliyotolewa kwenye bodaboda. Chaji ya ngozi ya udongo wa namna hii hupimwa kwa milivolti, na huwa karibu 40 hasi katika maji laini; kwa kiasi hicho chembe zinapaswa kutembea sentimita 3 na nusu hivi kwa saa. Tukilinganisha na kuacha udongo utuame wenyewe: chembe ya mikroni 1 huzama milimita 3 na nusu tu kwa saa. Betri ya bodaboda ilikuwa imeushinda mvuto wa ardhi mara kumi.

Mara ya kwanza tulitumia misumari. Ndani ya dakika 20 maji yaliingia rangi ya kutu na udongo ukaanguka chini kwa mabonge, binti akashangilia. Nami nilishangilia kidogo kabla ya kuelewa. Msumari wa chanya ulikuwa unayeyuka, ioni za chuma zilikuwa zinazima chaji za udongo, na chembe zilizokosa chaji zikashikana na kuzama. Kama nia yako ni kusafisha maji, hiyo ni njia halali na ina watu wake. Kama unataka kuona chembe zikisogea kwa uga, umejidanganya. Tukavunja betri kubwa za tochi zilizokwisha, tukachukua vijiti vya kaboni vya katikati, tukavisugua kwa msasa na kuvichemsha. Safari hii upande wa hasi ulianza kung'aa kutoka juu, ukanda wa maji safi ukapanuka taratibu, na kijiti cha chanya kikavaa ganda la udongo laini ambalo ungeweza kuliandika kwa kucha.

Sumaku kwa udongo ule? Tulijaribu sumaku ya spika ya redio. Haikuvuta kitu.

Chumvi ndiyo inayoamua, mara nyingi kuliko chembe

Siku ya pili mvulana mmoja aliona mambo yanakwenda polepole, akatia chumvi kijiko kimoja. Hoja yake ilikuwa na mantiki: chumvi inapitisha umeme, umeme zaidi unasukuma zaidi. Mapovu yakafoka kwenye vijiti, harufu ya klorini ikatoka (tulifungua madirisha upesi), betri ikapata joto, na udongo wote ukazama chini kama mchanga bila kuelekea popote.

Chumvi ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, ilibana blanketi. Katika maji laini blanketi la ioni lina unene wa nanomita 10 hivi. Katika maji yenye chumvi kama ya damu hubaki nanomita 0.8. Chembe zikiwa na blanketi jembamba hivyo hazifukuzani tena, hugongana na kushikana. Pili, mkondo ukageuka joto. Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi kidogo sana, hivyo kwa volti 3 kwa kila sentimita hayafikishi nyuzi 1 kwa saa nzima. Maji yenye chumvi ya kiwango cha damu, kwa volti zilezile, hupanda karibu nyuzi 2 kila dakika. Ukichota magadi ya Ziwa Katwe, ambako watu huvuna chumvi kwa mikono, yangepanda nyuzi 20 na zaidi kwa dakika kama betri ingeweza kulisha mkondo huo. Umepika, hujasogeza.

Sumaku ingefanya kazi Katwe kama inavyofanya Entebbe, kando ya Ziwa Victoria. Uga wake hupita kwenye chumvi, sukari, damu, matope, bila kupashwa wala kupunguzwa. Hiki ndicho kigezo ambacho ningekiweka cha pili, na katika kazi nyingi za huku kwetu ndicho kinachomaliza ubishi: kioevu kikiwa na chumvi na huruhusiwi kukibadilisha, anza kufikiria sumaku, hata kama itabidi uipe chembe tumbo la chuma ambalo haikuzaliwa nalo.

Chupa ya pili, kwa ufupi

Mjomba wa yule binti hahitaji hesabu yangu. Akishasaga mawe na kupitisha unga kwenye mteremko wa maji, hubaki na mchanga mzito mweusi chini ya karai, dhahabu ikiwa imejificha ndani. Anachukua sumaku ya spika, anaitia kwenye kifuko cha plastiki, anaipitisha ndani ya maji kidogo juu ya mchanga. Magnetaiti, pamoja na vumbi la chuma lililotoka kwenye mtambo wa kusagia, huruka na kusimama kama nywele za nungunungu. Anakipeleka kifuko pembeni, anaivuta sumaku nje, nywele zinaanguka. Bila kifuko angekesha akikwangua.

Ila hapitishi mara moja. Punje za magnetaiti zinaporuka hunasa punje za dhahabu katikati yake, kwa hiyo ule mchanga ulioanguka huoshwa na kupitishiwa tena, mara mbili au tatu, na sumaku ikishikwa juu kidogo kuliko mara ya kwanza. Umeme hapa hauna nafasi: punje ni kubwa, zinazama kabla uga haujazisogeza unywele mmoja. Hata hapa Tororo, udongo wa vilima vya Sukulu wenye fosfati umejaa magnetaiti, na kuitenga kwa sumaku ni hatua ya kwanza ambayo mtu yeyote angeifikiria.

Damu, ambayo imepita mikononi mwa nyuga zote mbili

Hapa pana utamu, na pana Uganda.

Mwaka 1936 wanakemia Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba damu yenye oksijeni husukumwa kidogo na sumaku, na damu iliyopoteza oksijeni huvutwa kidogo, ingawa chuma kilichomo ni kilekile. Mwaka 1949 Pauling huyohuyo na wenzake waliitia himoglobini, protini ya damu yenye chuma, kwenye uga wa umeme, kwa mtambo wa aina aliyoitengeneza Arne Tiselius wa Sweden, wakakuta ya mgonjwa wa selimundu inatembea tofauti na ya mtu mzima wa afya. Baadaye ikajulikana sababu: asidi amino moja katika kila mnyororo wa beta imebadilishwa, na kwa kuwa molekuli ina minyororo miwili ya namna hiyo, ngozi yake imepoteza chaji mbili. Kwenye jeli ya alkali himoglobini S hubaki nyuma ya himoglobini A katika safari ya kwenda chanya, na jicho la kawaida linaiona.

Mwaka huohuo wa 1949, Hermann Lehmann na A. B. Raper walichapisha uchunguzi wao wa tabia ya selimundu kwa makabila ya Uganda, na kwa Baamba wa Bundibugyo walikuta karibu watu 45 kati ya 100 wanaibeba. Wao walitumia darubini. Miaka 65 baadaye nchi ikarudi kwenye swali lile kwa uga wa umeme: matone makavu ya damu ya watoto zaidi ya 97,000, yaliyokuwa yamekusanywa kwa kipimo cha VVU, yalipimwa mjini Kampala kwa njia ambayo himoglobini husafiri ndani ya jeli yenye mteremko wa pH (kipimo cha asidi na alkali) hadi ifike mahali chaji yake inapokuwa sifuri, ikasimama. Asilimia 13.3 walikuwa wabebaji, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe.

Sumaku isingeweza kazi ile. Himoglobini ina upana wa nanomita 6, na tofauti ya A na S haipo tumboni kwenye chuma, ipo ngozini.

Geuza swali kidogo, jibu linageuka. Kimelea cha malaria kikiishi ndani ya seli nyekundu hula himoglobini na kutupa mabaki ya chuma kama fuwele za kahawia, himozoini. Fuwele hizo huvutwa na sumaku, nazo zimo ndani ya seli ya mikroni 7, si molekuli ya nanomita 6. Mimina damu yenye vimelea vilivyokomaa kupitia safu ya nyuzi laini za chuma iliyowekwa kati ya ncha za sumaku kali: seli zenye himozoini hunasa, nyingine hupita. Ondoa safu kwenye sumaku, suuza, na unazo. Maabara za malaria huzitenga hivyo, na hazihitaji kuitoa damu kwenye chumvi yake. Vimelea vichanga, ambavyo havijala vya kutosha, hupita pamoja na seli safi. Mtu anayetaka hatua zote za kimelea asiitegemee njia hii.

Kazi ya tatu ya damu ni kutoa DNA au RNA, na hapa watu huulizana sana siku hizi. Kutoa, tumia shanga za sumaku: zinafunikwa kwa silika, DNA inashika juu yake, unaweka mrija kwenye kishikio chenye sumaku. Nimeliona jambo hili mara nyingi na bado nasimama kulitazama. Kioevu ni cha kahawia kama chai ya rangi. Baada ya dakika mbili kinang'aa, na kwenye ukuta wa mrija pana doa moja dogo, kama alama ya kidole chenye kutu. Unavuta maji, doa linabaki. Ukishatoa, na sasa unataka kuzipanga DNA kwa urefu, rudi kwenye umeme na jeli. Katika maji matupu DNA ndefu na fupi hukimbia karibu sawa, kwa sababu ile ya ngozi. Ni matundu ya jeli yanayochelewesha ndefu.

Kaolini, ambako hakuna kuchagua

Mutaka, magharibi mwa nchi, kuna akiba ya kaolini, aina ya udongo mweupe wa mfinyanzi. Kaolini nyeupe ina bei, ya manjano haina, na umanjano mara nyingi ni madini ya chuma na titani yenye usumaku dhaifu mno. Sumaku ya spika haiyaoni. Lakini tangu miaka ya 1970, viwanda vya kaolini vya jimbo la Georgia nchini Marekani hupitisha uji wa kaolini kwenye chombo kilichojazwa sufi ya chuma ndani ya uga wa tesla 2 hivi. Kila unywele wa sufi hutengeneza mteremko mkali kandokando yake, na chembe dhaifu hunasa. Ni mbinu ileile ya seli za malaria, kwa ukubwa wa kiwanda. Uji uliosafishwa ukibaki na maji mengi kuliko joto la jua linavyoweza kukausha kwa bei nafuu, umeme unaweza kuja nyuma yake na kuukusanya kwenye bamba la chanya, kama kijiti chetu cha kaboni. Tumbo kwanza, ngozi baadaye.

Njia ya tatu, kwa wenye vifaa

Chembe isiyo na chaji wala chuma bado inaweza kusogezwa na umeme ikiwa uga una mteremko, kama wa sumaku. Mwanafizikia Herbert Pohl aliita hali hii dielektroforesisi mwaka 1951. Hutumia umeme wa kupishana, unaobadili mwelekeo mara nyingi sana kwa sekunde, hivyo mapovu hayatokei, na inaweza kutenga seli hai na mfu. Nguvu yake nayo hufuata ujazo, na inahitaji elektrodi (vijiti au michirizi ya kupitishia umeme) zilizochorwa kwa umbali wa mikroni. Shuleni sahau. Kwenye maabara ya utafiti, usiisahau.

Pesa na stima

Watu wengi huanza hapa. Mimi nimepaweka mwisho makusudi, kwa sababu bei inadanganya. Sumaku haikatiki mgao unapokuja, na ukishainunua umemalizana nayo, mradi usiipashe moto: neodimiamu ya kawaida huanza kupoteza nguvu ikivuka nyuzi 80. Lakini shanga za sumaku huagizwa kutoka nje, hukaa kwenye friji bila kugandishwa, na kila sampuli hula nyingine mpya. Sumaku ni ya bure, shanga ndizo za pesa. Umeme ni kinyume: jeli, bafa (myeyuko unaolinda pH) na kisanduku cha volti havina gharama kubwa kwa kila sampuli, ila kazi ya dakika 45 ikikatika katikati, bendi zinatawanyika kwenye jeli na unaanza upya. Betri ya gari na kigeuzi vinatosha kwa jeli ndogo. Usichomeke chochote chenye maji moja kwa moja kwenye volti 240 za ukutani. Nimeona mtu akijaribu. Kisanduku kiliungua, yeye alinusurika kwa viatu vya mpira.

Chupa ya tatu

Sasa damu ya ng'ombe ndani ya maji ya chumvi. Sumaku? Seli zile zimejaa oksijeni, hazina himozoini, sumaku ya mkononi haiwezi kitu. Umeme? Ngozi zake ni hasi, zingekwenda, ila chumvi itazipika. Ukitoa chumvi na kuweka maji matupu, seli zitavimba na kupasuka. Binti alikaa kimya, kisha akauliza kama chumvi ni lazima iwe chumvi.

Si lazima. Seli inachohitaji ni ukolezi wa myeyuko, haijali kilichoyeyuka ni nini, na sukari haina chaji. Gramu 100 za sukari ya Kakira kwa lita moja ya maji yaliyotoneshwa, karibu hapo. Tukaosha seli mara mbili, tukaziweka kwenye nafasi nyembamba kati ya vioo viwili, vijiti vya kaboni kila upande, volti chache, darubini juu. Seli za ng'ombe huzama polepole kuliko za binadamu, zikatupa muda.

"Mwalimu, mbona nyingine zinakwenda kulia na nyingine kushoto?"

Nilisogea nikatazama. Zilizokuwa karibu na kioo zilielekea hasi, za katikati zilielekea chanya. Kioo nacho kina ngozi hasi na blanketi lake. Umeme ulikuwa unalitelezesha lile blanketi kuelekea hasi na kuburuta maji ya ukutani pamoja nalo, na kwa kuwa nafasi imefungwa, maji yakawa yanarudi kupitia katikati. Kile alichokiona Reuss kwenye mirija miwili, sisi tulikuwa nacho ndani ya unene wa milimita moja. Akazungusha kirekebishi cha darubini taratibu, kutoka kioo cha juu hadi cha chini, akihesabu kwa sauti mahali ambapo seli zinabadili nia. Kisha akabadilisha nyaya za betri, na kundi zima likageuka.